Pamba Ndani ya Chupa

Nyinyi watatu wa benchi la nyuma mmeniuliza mara nyingi: likizo ile nilikuwa wapi, na kwa nini nilirudi nimevaa koti la mzee wa reli. Mnanijua. Mtu akiniuliza jambo mbele ya watu, maneno yananikwama kama mwiba wa samaki. Basi nimeandika. Nimemsomea Tantine Kapinga kwanza, kwa sababu habari ni yake kuliko yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Fasi moya tu haiko muzuri. Uliandika mi nalilia mu train. Mi sikulia. Ilikuwa vumbi." Halafu akaniambia niwape msome, majina na yote.

Tantine ni dada mdogo wa Tata, baba yangu. Anauza vitenge soko la Manika, hapa Kolwezi, na sauti yake mnaisikia kabla ya kumwona. Ana virusi vya UKIMWI tangu mimi sijaanza shule. Nyumbani sote tunajua, nje hakuna aliyejua. Kila jioni radio ikianza habari, anameza kidonge chake. Ndani ya chupa ya dawa huwa anajaza pamba au kitambaa juu ya vidonge, ili chupa isilie ndani ya mkoba mtu akasikia.

Miezi michache iliyopita walimpima damu hospitalini, wakamwambia virusi havionekani tena. Mimi nilifurahi. Yeye alirudi amekunja uso. "Kama habionekane, juu ya nini niendelee kukunywa? Banafichana nini na miye?" Kesho yake jirani, asiyejua lolote juu ya Tantine, akamletea habari za mtu wa Lubudi, anaitwa Docteur, ana mashine inayoonyesha ugonjwa kwa asilimia, na dawa inayoushusha mpaka ziro. Ukifika ziro, umepona, basi.

Tata hakutaka. Muuguzi wa Tantine hakuulizwa. Tantine alipanga valise yake, sanduku lake la nguo, na mimi nikapewa kazi ya kumsindikiza.

Manika hadi pale lori lilipolala

Asubuhi Tata alifunga valise kwa mpira nyuma ya pikipiki ya kutupeleka kwenye basi, akavuta mara mbili. Tata ni mchimbaji, kila kitu anakivuta mara mbili. Kisha akaniita kando kwa jina langu la nyumbani, Nga.

"Nga, sikia. Mutu akikupimia kitu, usiitike ya kwanza. Mufuko moya, majina mbili."

"Tata, ile ni ya mawe."

"Ni ya kila kitu yenye inapimwa."

Nyinyi ambao wazazi wenu hawachimbi, niwaeleze. Mchimbaji akipeleka mawe kwenye depo, mnunuzi anayapiga kwa bunduki ndogo ya umeme, yenye kioo nyuma, na kioo kinasema kuna shaba kiasi gani na kobalti kiasi gani. Kwetu bunduki hiyo ndiyo inaamua kama jioni mtakula bukari, yaani ugali, na nyama au bukari na chumvi. Sasa Tata akiwa na shaka, anagawa mfuko mmoja mara mbili, nusu anapeleka kwa jina lake, nusu anamtuma mwenzake apeleke kwa jina lingine. Namba zikigombana, anabeba mawe yake anaondoka. Jumamosi huwa namsindikiza, nasimama nyuma yake nikisoma kioo.

Basi letu lilitoka mji vizuri. Mbele kidogo likasimama. Lori la madini lilikuwa limelala kwa ubavu katikati ya barabara kama ng'ombe aliyegoma, na malori mengine yamepanga mstari nyuma yake hadi macho yanachoka. Vumbi lilikuwa limetupaka sote rangi moja. Madereva walikuwa wameshazoea: wamewasha majiko chini ya trela, wanapika.

Dereva mmoja wa Tanzania alituona tumekaa juani, akaja akainama kidogo mbele ya Tantine.

"Shikamoo, mama."

Tantine akatazama mikono yake. "Nishike nini, tata?"

Yule dereva alicheka mpaka mwiko ukaanguka. Alieleza ni salamu ya heshima, na mtu anajibu marahaba. "Shiye tunasema jambo, basi, imeisha," Tantine akamwambia, lakini nilimwona amependa. Tulikula naye bukari na samaki wadogo wakavu chini ya trela, na kila alipopita mtu Tantine alikuwa anasubiri aambiwe shikamoo tena. Hakuna aliyesema.

Barabara ilifunguka jua likiwa limeshuka. Njiani Tantine aliniambia kwa sauti ya chini, ambayo si yake, "Nga, siku nitarudia na ziro, nitatupa ile pamba yote."

Tenke, tukingoja treni

Treni ya kwenda Lubudi ilikuwa inakuja. Ilikuwa inakuja tulipofika, ilikuwa inakuja tulipolala kwa mama mmoja wa parokia karibu na stesheni, na asubuhi bado ilikuwa inakuja.

Stesheni imejaa wanawake wenye mihogo, mkaa na kuku waliofungwa miguu. Mmoja akaiangalia valise yetu.

"Mama wa Kolwezi, fungua tuone."

"Muone nini?"

"Si nguo? Unauza bei gani?"

"Siuze! Ni nguo yangu ya kuvaa."

"Yote hii? Mutu moya?"

Wakakusanyika. Nilitaka ardhi inimeze. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa juu ya kigoda alichokuja nacho mwenyewe, koti lake la buluu la reli limefungwa mpaka shingoni, akasema, "Mumuache. Ni Mukasai. Ata akienda mu shamba siku moya, anabebaka valise."

Kila mtu akacheka; ndivyo wanavyotutania sisi wenye asili ya Kasai. Tantine akageuka polepole. "Na weye, tata, unabeba kiti yako juu ya nini? Ku nyumba balikunyima fasi ya kukaa?"

Walicheka zaidi, na mzee ndiye aliyecheka kuliko wote. Aliitwa Tata Ilunga. Alifanya kazi reli maisha yake yote, amestaafu, ana shamba la mahindi upande wa Lubudi. Alisogea, akatugawia munkoyo, kinywaji cha mahindi, ndani ya kikombe cha plastiki, munkoyo mtamu bado haujachacha. Valise mwisho ilifunguka kweli. Tantine hawezi kuona mteja akamwacha. Aliuza blauzi mbili.

Ndani ya treni

Treni ilipokuja, tulipanda kwa kusukumwa. Tulipata nafasi karibu na dirisha lisilo na kioo, na usiku ulipoanza kuingia upepo ulinipenya mpaka kwenye meno. Tata Ilunga alivua koti lake akaniwekea mabegani. Lilikuwa zito, lina vifungo vya shaba vilivyosuguliwa vikang'aa, mstari mzima kutoka shingo hadi tumbo.

"Ile butoni ni ya zamani," alisema. "Miye nazisafisha kila siku ya Mungu. Mutu akiniona mbali, anajua ni cheminot, mutu wa reli."

Tulikula karanga na viwavi wa kukaanga. Jirani mmoja akawasha radio yake ndogo, na habari zikaanza. Nikamwona Tantine ameingiza mkono chini ya pagne, kitenge alichojifunga. Chupa haikulia. Akaleta kidonge mdomoni kama mtu anayefuta midomo, halafu akagundua hana maji.

Tata Ilunga alikuwa anatazama nje, upande wa giza ambako hakuna kitu cha kutazama. Bila kugeuka akanyoosha kikombe chake cha maji. Tantine akakipokea. Alikunywa, akakifuta kwa ncha ya pagne, akamrudishia.

Treni ilisimama mara nyingi porini, haisemi kwa nini. Tulifika Lubudi mchana wa kesho yake, kwa kelele na msongamano kiasi kwamba Tata Ilunga alishuka na kigoda chake upande mmoja na sisi tukashuka upande mwingine. Nilipokumbuka kwamba nimevaa koti lake, hayupo.

Lubudi, kwenye uwanja wa Docteur

Uwanja ulikuwa nje kidogo ya mji, umezungushiwa maturubai, na watu wamekaa kwa mistari kwenye viti vya plastiki. Wengi walikuwa wa kwetu. Nilijua kwa viatu: vumbi letu jekundu halitoki.

Docteur ana sauti nzuri, lazima niseme ukweli. Anakuita mama yangu, dada yangu, na unaona kama ni kweli. Kabla ya kuanza alimsimamisha mwanamume mmoja atoe ushuhuda. Yule mtu alisema anatoka Likasi, alikuwa mifupa mitupu, hospitali zilimkataa, sasa ana ziro. Watu wakapiga makofi.

Kisha Docteur akatoa mashine. Niliijua. Ilikuwa bunduki ya depo, ile ile, na taa yake nyekundu juu.

"Ni ya mawe," nilimnong'oneza Tantine.

"Ni vizuri," akajibu. "Kama inaona mali ndani ya jiwe, itashindwa kuona kamududu ndani ya mutu?"

"Lakini Tata anasema banadanganyaka nayo."

"Ni batu banadanganya. Machine haidanganye."

Msicheke. Na mimi nilianza kuamini. Kwetu tumezoea kwamba bunduki ile ikisema, baba anainama au anasimama wima. Viti vyote vya wachimbaji vilikuwa vimeinama mbele vikisubiri namba. Kingine nilichokumbuka ni Tata anavyonipiga kofi mkononi kila nikipitisha kidole mbele ya pua ya bunduki: inachoma bila moto, usiichezee. Na hapa Docteur alikuwa anaigandamiza kwenye matumbo ya watu.

Tantine alipimwa. Docteur alisoma kwa sauti namba kubwa, uwanja mzima ukaguna. Kisha akaninyooshea mimi kidole. "Na musindikizaji. Ugonjwa hautembee peke yake." Akabandika bunduki kwenye tumbo langu, juu ya koti. Ikalia. Namba yangu ilikuwa kubwa kuliko ya Tantine.

"Pole, mutoto," akasema. "Na weye uko nayo. Nyingi."

Nawaambieni nyinyi tu: mimi ambaye sijawahi kushika hata mkono wa mvulana. Na muhula uliopita wauguzi walipita shuleni, nilipima, sikuwa na kitu. Nilijua hayo yote. Lakini namba ikishasemwa mbele ya watu inakuingia. Nilirudi kitini nikijihesabu mgonjwa.

Tantine ndiye aliyeumia kuliko mimi. Alidhani ameniambukiza, labda kwa sahani, labda kwa kitanda, ingawa hospitali ilishamfundisha kwamba haiambukizwi hivyo. Hapo hapo akafanya alichoambiwa. Docteur alisema dawa mbili hazilale nyumba moja, kila mtu alete zile za hospitali. Watu wakapita mmoja mmoja, wakabandua karatasi za majina, wakatupa chupa zao ndani ya beseni kubwa la plastiki. Tantine akatupa yake. Kisha akanywa kikombe cha maji ya kahawia yenye uchungu wa mizizi. Mimi nilipewa, nikakimwaga nyuma ya kiti.

Habari za radio zilipoanza jioni ile kwa majirani wa uwanja, mahali tulipolala, mkono wa Tantine ulienda wenyewe kwenye mkoba. Ukakuta mahali patupu.

Beseni

Asubuhi walewale wa jana waliambiwa wavue nguo zao na wavae shuka nyeupe; shuka ziliisha kabla hazijanifikia mimi. Mama mmoja, mtumishi wa Docteur, alipita na kikapu akikusanya kila kitu: mikanda, vikuku, funguo, pini. Tantine alitoa pini yake kubwa ya shaba ambayo inashika pagne tumboni, iliyokuwa ya marehemu kaku, mama yao yeye na Tata. Akapimwa. Bunduki ikalia. Docteur akainua mikono.

"Ziro!"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya bega la Docteur, mahali ninapozoea kusimama, na nilisoma kioo. Hakikusema ziro. Kilisema ND. Kila mtoto wa mchimbaji anajua ND, maana yake mashine haijaona. Tata siku zote anasema: "ND haiseme jiwe haina kitu. Inasema macho yangu haifike."

Tantine alikuwa anaimba na kulia. Wote walikuwa ziro. Wote kwa asubuhi moja.

Kisha wakaja wageni wapya, na yule mwanamume wa ushuhuda akasimama tena. Leo alikuwa anatoka Kamina. Leo mke wake ndiye aliyekuwa mifupa mitupu. Nikamwangalia, nikasema moyoni: huyu ni mfuko mmoja, majina mawili.

Nilivua koti la Tata Ilunga. Nilifunga kitambaa kichwani, nikaingia kwenye mstari wa wageni wapya. Niliogopa bunduki na niliogopa macho, lakini mtu mwenye haya ana faida moja: hakuna anayemkumbuka. Mama wa kikapu aliniuliza jina. Nikasema Marie. Docteur akabandika bunduki kwenye gauni langu, ikalia, akasoma kioo, akakunja uso kidogo.

"Mutoto huyu ni safi," akasema. "Mungu anamupenda."

Jana nyingi, leo safi, na mimi ni yule yule. Nilirudi kwenye kiti nikalishika lile koti, na vidole vyangu vikagusa vifungo. Shaba. Kutoka shingo hadi tumbo. Nikatazama kikapu cha mama yule, kimejaa mikanda na vikuku na pini ya kaku juu. Nyinyi mngekuwa mmeshapiga kelele. Mimi nilikaa nikihesabu sababu za kunyamaza. Kisha niliona mtu anataka kuinua lile beseni la chupa kwenda kulimwaga ndani ya shimo la choo.

Nilisimama. Nilichukua pini kwenye kikapu, nikaenda kwa Tantine, nikaibana kwenye shuka yake nyeupe, tumboni. Kwa haraka yangu nikamchoma.

"Aï! Nga, unafanya nini?"

Nikamgeukia Docteur. Sauti ilitoka ndogo kama ya panya, lakini ilitoka.

"Pima tena."

"Huyu amekwisha kupona, mutoto."

"Pima tena, Docteur. Na ile pini."

"Machine inachoka. Haipimaka mutu moya mara mbili."

Hapo ndipo alipokosea, na alikosea mbele ya watu wa Kolwezi.  Mwanamume mmoja mwenye mikono iliyopasuka akasimama ndani ya shuka yake nyeupe.

"Namna gani haipimake mara mbili? Ku depo, mutu akikataa kupima mara mbili, tunamuitaka jina gani?"

"Muizi," wakajibu watu kadhaa.

"Ngojeni, bandugu, hii si depo..."

"Ni machine ya depo!" Sasa ni Tantine. Sauti yake ilikuwa imerudi yote. Aliangalia pini tumboni mwake, akaangalia koti mikononi mwangu, akaangalia kikapu, na nilimwona anafikia jibu peke yake. "Jana nilikuwa na pini. Mutoto alikuwa na butoni. Leo hatuna. Docteur, ulipima miye, ao ulipima pini ya mama yangu?"

Mtu akacheka. Mwingine akaanza kulia. Nilikimbilia beseni.

Chupa zote zilikuwa sawa, nyeupe, hazina majina. Nikawaza: ya Tantine nitaijua, ndiyo isiyolia. Nikachukua moja nikaitikisa. Kimya. Nikatikisa nyingine. Kimya. Nyingine, na nyingine. Hakuna hata moja iliyolia. Watu wote wa uwanja ule, kila mmoja nyumbani kwake, kila mmoja akidhani yuko peke yake, walikuwa wamejaza pamba.

Nikaanza kuzifungua. Pamba, pamba, kipande cha gazeti, soksi ya mtoto mdogo. Halafu kitambaa cha kitenge chenye ndege wa njano, kutoka gauni la zamani la Tantine ambalo nilililia nilipokuwa mdogo. Nikainua chupa juu. Wengine wakaja, wakapiga magoti kando yangu, wakatafuta zao, wakiulizana bila kuficha tena: "Yako iko na nini ndani?" "Ya gazeti njo yangu." Yule mchimbaji alichukua ile yenye soksi.

Si wote walikuja. Mama mmoja kijana alibaki kwenye kiti. Tantine alimwita, akamwambia twende pamoja, akamshika mkono. Alijibu, "Miye nachoka, mama. Nilikunywa kila siku, na kesho tena, na kesho tena. Ule Docteur anasema itaisha." Tulimwachia mapajani chupa aliyosema ni yake. Namfikiria sana. Docteur alikuwa ameshaingia nyumbani kwake na kufunga mlango, na tulipoondoka yule mtu wa Likasi na Kamina alikuwa anatuambia kwa upole turudi jioni, watu wakitulia.

Kurudi

Pale stesheni nilimtafuta Tata Ilunga kila upande. Muuza mikate alisema anamjua, ameshaenda shambani. Sikutaka kumwachia mtu koti. Ndiyo maana nimerudi nalo, na ndiyo maana mnaniona Jumapili nikisugua vifungo. Likizo ijayo nalipeleka.

Tantine alimeza kidonge hata kabla ya treni kuondoka, katikati ya watu, kwa maji aliyoomba kwa sauti. Halafu akageukia dirisha. Yeye anasema vumbi. Sawa.

Baadaye akaniuliza, "Nga, kama hospitali yenyewe inasema habionekane, miye nielewe nini?"

Nilisema maneno mengi kuliko niliyowahi kusema kwa siku moja. Nilimwambia ni kama ND. Hospitali haikusema mfuko hauna kitu. Ilisema dawa imevipunguza mpaka macho ya mashine hayafiki. Ukiacha dawa, vinapanda tena. Tofauti ni hii: hospitali ilimwambia mwenyewe arudi kupima tena, na tena. Docteur aliogopa mara ya pili.

Alifikiri mpaka stesheni nyingine. "Basi weye pia ni ND," akasema. "Batu habakuone, kumbe uko ndani."

Kolwezi tulienda moja kwa moja kwenye kituo chake cha dawa. Nilidhani muuguzi atamgombeza. Alimkalisha, akamuuliza alikunywa nini kule na jioni ngapi alikosa, akaandika, akamtoa damu. Alisema ilikuwa vizuri kurudi haraka, na kwamba wapo waliorudi baada ya miezi, wamebebwa. Dawa ya kumaliza kabisa ugonjwa huu, alisema, siku ikipatikana hatutaisikia kwa jirani, yeye mwenyewe hatalala kabla hajaja kutuambia. Mtu yeyote akikwambia tupa vidonge vyako kwanza, hapo hapo beba valise yako. Alipotusindikiza mlangoni, Tantine akamuuliza kama anaweza kuleta swali hata siku isiyo ya kuchukua dawa. Muuguzi akasema angefurahi kama swali lingekuja kabla ya Lubudi. Jibu la damu lilikuja baadaye: bado havionekani. Anaendelea kunywa dawa.

Tata alisikiliza habari yote akila bukari. Mwishoni aliuliza kitu kimoja. "Ulisema pima tena? Weye? Na mudomo yako?" Akanisogezea kipande kikubwa cha nyama.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nafagia niliposikia sauti ngeni mlangoni, kama ya kichezeo cha mtoto. Tantine alikuwa anatoka kwenda sokoni, mkoba begani. Juu ya meza ameacha kile kitambaa cha ndege wa njano, amekifua, amekikunja.

Alipita mbele ya majirani wote, na mkoba ukalia kila hatua. Mama Béa, yule jirani aliyeleta habari za Docteur, alikuwa anapepeta mchele mlangoni kwake.

"Kapinga, ni nini inalia vile?"

"Dawa yangu," Tantine akasema, kwa sauti yake ile ya sokoni, na hakupunguza mwendo.